Unene wa Ukuta

Sindano alikuwa mwembamba kiasi kwamba akisimama nyuma ya mlingoti wa taa ungedhani kaenda sokoni. Jina lilimpata kwa umbo, likamkaa kwa kazi, maana alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubahatisha. Ukiingia tu mlangoni ameshajua kiuno chako kimeongezeka inchi ngapi tangu mwezi uliopita, na atakwambia mbele za watu. Lakini mwili ule mdogo, uliokula nusu sahani na kusema umeshiba, ulibeba siri kubwa kuliko wenyewe. Sindano alikoroma.

Tuelewane. Hakukoroma kama watu, ile ya kuvuta pumzi kidogo na kuiachia. Alikoroma kama trekta linalopanda mlima na tela nyuma. Shuleni bweni zima lilimwita Jenereta, na kulikuwa na msichana mmoja aliyekuja kitandani kwake kila asubuhi na kidumu kitupu, akamuuliza kwa adabu zote kama mafuta ya jana yalitosha. Bweni lilivunjika mbavu. Sindano naye alicheka, kisha akaenda kuoga wa mwisho, akalia chini ya bomba ili maji yasimwumbue. Siku alipomaliza mtihani wa mwisho akajiapiza: hakuna binadamu atakayemsikia tena akiwa amelala. Miaka tisa ikapita na kiapo kilikuwa hakijatoka hata uzi.

Sasa Jumamosi moja mchana walikuwa dukani kwake marafiki zake wawili, wamekalia benchi la wateja kana kwamba wamelilipia kodi. Mmoja ni Mwalimu, wa hesabu, aliyeingia hapo mara ya kwanza miaka sita nyuma, asubuhi ya Jumatatu, zipu ya sketi imepasuka na mkoba kaubana nyuma kama ngao. Wa pili ni Nesi, aliyeletwa na sare za kazi zilizoshonwa na mtu aliyeamini manesi wote wana umbo la gunia. Walishonewa, wakarudi, wakazoeana, mpaka wateja wa kweli wakawa wanasimama.

Walikuwa wakipanga safari, na wazo lilikuwa la Nesi. Barua ya uhamisho imemfika. Mwisho wa mwezi anahamia hospitali ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Kabla ya kwenda alitaka kitu kimoja tu: siku tatu za kuzunguka kule kwenye milima na ziwa, kwa gari la mjomba wake Mwalimu, wao watatu, bila wodi, bila chaki, bila sindano.

"Basi mimi nibaki," alisema Sindano.

"Wewe utakuja hata kwa kufungwa kamba," alijibu Mwalimu, simu mkononi, kalamu sikioni. "Tulieni niwasomee matokeo. Malazi ni matatu. La kwanza, hoteli ya barabara kuu. Ukifungua dirisha unaona gereji. Nimeipa arobaini kwa mia."

"Arobaini za nini tena?"

"Taulo. Wamezikunja kama bata. La pili, mahema kando ya ziwa. Unatoka hemani, hatua kumi, uko majini. Sabini na tano."

"Hapana!" Sindano alisema haraka mpaka mguu ukakanyaga cherehani bila ruhusa, mkono wa blauzi ya mtu ukapata mshono ambao haukuombwa. Turubai! Kitambaa kimoja tu kati yake na masikio ya watu. Yeye aliyeshona vitambaa maisha yake yote alijua havizuii kitu.

"Hapana kwa nini?" aliuliza Mwalimu.

"Viboko."

"Ziwa lile halina viboko."

"Wamekwambia wenyewe?"

Nesi akacheka. Mwalimu akaandika kitu, pengine alama za utovu wa nidhamu. "La tatu, nyumba ya mawe juu ya kilima. Vyumba vitatu, kibaraza, bonde lote liko chini ya miguu yako, na asubuhi jua linakuchomozea puani. Themanini na nane."

"Mawe kwelikweli?" Sindano akainua kichwa. "Hata kuta za ndani?"

"Sijui za ndani. Mimi natazama mandhari, wewe unatazama ukuta?"

"Nipe namba ya mwenye nyumba."

"Kwangu popote ni sawa," alisema Nesi, akichezea vifungo kwenye kopo. "Kilimani, ziwani, hata hapo gereji. Ila safari hii tulale wote. Nimechoka kuagwa jioni."

Aliyasema akitazama vifungo, lakini Sindano aliyapokea kama pini chini ya ukucha. Alijua yanatoka wapi. Miaka miwili iliyopita mama yake Nesi alifariki, na marafiki wakajaa nyumbani kwake wasimwache peke yake. Mwalimu alilala pale siku tatu. Sindano alifika alfajiri, akapika, akaosha masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, akamshika Nesi mkono kutwa nzima. Ila kila jioni, magodoro yakianza kutandikwa sebuleni, alikumbuka kwamba ameacha pasi ya umeme dukani. Siku ya kwanza pasi. Ya pili pasi. Ya tatu Nesi alimtazama kwa macho yaliyovimba, akasema, "Ingekuwa heri na mimi ningekuwa pasi." Halafu hawakulizungumza tena. Urafiki uliendelea, vicheko viliendelea, lakini palikuwa na mahali ambapo Nesi alikuwa haingii tena, kama chumba kilichofungwa kwa ufunguo. Na sasa anaondoka. Sindano alijua kabisa: akimkimbia tena safari hii, safari nyingine hakutakuwa na wa kumkimbia.

Kwa hiyo alipiga simu. Alitoka nje ya duka, akaziba sikio moja, akaongea na mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Naomba kuuliza, ukuta wa kati ya chumba na chumba una unene gani?"

"Marahaba. Mwanangu, unataka kulala au unataka kubomoa?"

"Kulala tu, mama."

"Mashuka huulizi? Maji ya moto huulizi?"

"Nitauliza. Kwanza ukuta."

Mama yule, Mungu amweke, alikwenda kupima. Sindano alisikia ndara zikiburuzwa, mlango ukifunguliwa, mtu akijihesabia. "Mashubiri mawili na vidole vinne," alirudi na jibu. "Alijenga marehemu baba mkwe wangu. Alikuwa haamini matofali."

Sindano aliyageuza mashubiri kuwa inchi kichwani, akataka kuruka. Inchi ishirini na za ziada! Jiwe tupu! Mle ndani mtu angeweza kufuga simba. Alirudi dukani akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Tunakwenda kilimani," alitangaza. "Mimi nachukua chumba cha mwisho kabisa."

Mwalimu na Nesi wakatazamana.

"Kuna mwanamume," alisema Mwalimu.

"Kuna mwanamume," Nesi akakubali. "Na ana sauti nzito, ndiyo maana anaulizia kuta."

"Hakuna mwanamume!"

"Basi mwambie aje na nyama ya kuchoma," alisema Mwalimu, na safari ikapitishwa.

Walifika Ijumaa saa tisa alasiri, gari likiwa limechemka mara mbili na Mwalimu mara tatu. Lakini waliposhuka, hata yeye alinyamaza. Bonde lilikuwa limekunjuliwa mbele yao kama kitambaa juu ya meza ya kukatia: mashamba ya kijani ya kila aina, barabara nyembamba iliyojipinda katikati, na mbali kule ziwa, likimetameta kama pini zilizomwagika. Nesi aliinua mikono akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Hii hewa," alisema, "kule wodini tunaiweka kwenye mtungi."

Sindano hakuwa na muda na hewa. Alipitiliza hadi chumba cha mwisho, akatua mkoba, akaupiga ukuta kwa ngumi. Ndi! Ukuta haukushtuka. Akaupiga tena kwa furaha, akauegemea, akaubusu hasa. Halafu akachukua pipi mfukoni, akajilaza chali kitandani kama malkia, akaanza kuimenya karatasi.

"Na mimi nipe," alisema Mwalimu.

Sindano akageuka. Chumbani hapakuwa na mtu.

"Nipe na mimi," sauti ya Nesi nayo ikasema, taratibu, kama vile amekaa kwenye mto wake. "Ni ya tangawizi au ya ndimu? Inasikika kama ya ndimu."

Ndipo Sindano alipotazama juu. Ukuta ulikuwa mnene, mnene kweli, mashubiri mawili na vidole vinne bila kudhulumiwa hata kucha. Ila ulipofika juu kidogo ya mlango, uliishia. Marehemu baba mkwe hakuamini matofali, na yaelekea dari pia hakuliamini. Kuanzia hapo palikuwa wazi, boriti tupu na paa moja kubwa lililofunika vyumba vyote vitatu kama kuku aliyekumbatia vifaranga. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, anaambiwa pole kutoka cha tatu.

Sindano alibaki ameduwaa, pipi ikiyeyuka mkononi. Alikuwa amepima upana akasahau urefu! Kosa ambalo mwanafunzi wake angelifanya siku ya kwanza, angemrudisha kwao na barua. Fundi wa miaka tisa, mwenye futi shingoni hata akienda kanisani, amekata nguo akaacha kuuliza inafika wapi.

Alijaribu kufikiri. Asilale siku tatu? Enzi za shule alishawahi kujaribu kwenye basi la usiku, akazinduka abiria wote wamemgeukia na kondakta anakagua injini. Alale garini? Watauliza. Dakika kumi baadaye alitoka kibarazani, mkoba begani, uso ameuvalisha masikitiko.

"Jamani, mteja amepiga simu. Bibi harusi. Gauni limefumuka."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Limefumuka lenyewe? Ndani ya kabati?"

"Nikashuke pale hoteli ya barabarani, nilale, alfajiri nidandie basi, nishone, kesho jioni narudi."

Ulikuwa uongo wenye viraka, na kila mtu aliviona. Mama mwenye nyumba, kwa wema wake mbaya, alikuwa ameshampigia mtu wa pikipiki, baba mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, akafika kabla Sindano hajabadili mawazo. Mwalimu alianza kufoka: gari la mjomba limechemka mara mbili kwa ajili ya nani, na huyo bibi harusi ana jina? Nesi hakufoka. Na hilo ndilo lililouma. Nesi alishuka ngazi, akauchukua mkoba wa Sindano, akaupakia nyuma ya pikipiki, akaufunga kwa mpira, akauvuta kuona kama umekaza. Alifanya yote polepole, kama mtu aliyeizoea kazi.

"Msalimie bibi harusi," alisema, akarudi zake kibarazani.

Baba wa pikipiki akapiga moto. Sindano alipanda. Pikipiki ikatembea hatua nne, tano. Na pale nyuma, mikono imeshika chuma, Sindano aliona vile itakavyokuwa: mwisho wa mwezi Nesi atapanda basi la siku mbili, yeye atampungia mkono stendi, watapigiana simu kila wiki, halafu kila mwezi, halafu sikukuu. Na Nesi ataishi maisha yake yote akiamini kwamba kulikuwa na pasi.

"Simama!" alisema. Injini ilikuwa na kelele kuliko yeye. "Simama!" Akashuka kabla haijasimama, nusura aanguke, akageukia nyumba, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo ili aishinde injini.

"NAKOROMA!"

Baba wa pikipiki alikuwa amezima moto. Neno likaenda bondeni, likagonga kilima cha pili, likarudi nusu: roma... roma...

Kisha Mwalimu akaanza kucheka, kicheko cha kushika nguzo. "Mungu wangu! Ukuta! Alikuwa anauliza unene wa ukuta!"

"Dada," alisema baba wa pikipiki kwa sauti ya kumfariji, "mke wangu anakoroma. Tuna watoto wanne."

Lakini Nesi hakucheka, na kicheko cha Mwalimu kikafa taratibu kama moto wa karatasi. Nesi alishuka tena ngazi, akasimama mbele ya Sindano.

"Mama yangu alipokufa," alisema. "Ile pasi."

"Hakukuwa na pasi."

"Najua hakukuwa na pasi. Nilipita dukani kwako ule mwezi, pasi yako ni ya mkaa. Tulilala watu kumi na mmoja sebuleni kwangu. Shangazi yangu mkubwa alikoroma mpaka paka akahama nyumba. Kuna mtu alimcheka?"

"Sikujua."

"Ungejuaje, na ulikuwa kwako? Mimi nilidhani unanionea kinyaa. Nikadhani nyumba yangu inanuka msiba. Miaka miwili, Sindano. Kumbe ni pua!"

Sindano alitaka kuchomekea utani, akauacha. "Shuleni waliniita Jenereta," alisema tu. "Walikuja na vidumu."

Nesi hakusema pole, wala hakusema si kitu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akashika njia ya shambani, akaenda peke yake.

"Mzigo tunaufungua au tunaondoka?" aliuliza baba wa pikipiki.

Sindano aliutazama mgongo wa Nesi ukipungua kati ya mimea. Ingekuwa rahisi kupanda. Hoteli ya barabarani ilikuwa na taulo za bata na mlango wa kufunga kwa ndani. "Fungua," alisema. Akampa baba yule cha mafuta yake na shukrani nyingi, akaurudisha mkoba chumbani mwenyewe.

Chakula cha jioni kililiwa kwa upole. Nesi alirudi na miguu ina vumbi, akala, akaomba chumvi, akasifu mchuzi. Mwalimu alijitahidi kuongea peke yake kwa niaba ya wote. Walipoachana mlangoni Nesi alisema, "Lala salama," na Sindano alijikaza kisabuni, akaingia chumba chake, akajifunika mpaka puani kama vile blanketi ni dawa.

Yaliyotokea baada ya hapo Sindano hawezi kuyasimulia, kwa sababu moja: alilala. Alilala kwa uchovu wa miaka tisa.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia chumbani na kukaa. Alikuwa amelala ubavu, na aliposhtuka ajilaze chali hakuweza. Kulikuwa na mito miwili imeshindiliwa mgongoni mwake, imepangwa kitaalamu, na shuka limekunjwa kama gogo kuizuia isiteleze. Akainua kichwa. Sakafuni, ubavuni mwa kitanda chake, palikuwa na godoro. Juu ya godoro alikuwa Nesi, mdomo wazi, usingizi mzito, mkono mmoja umening'inia kwenye ukingo wa kitanda cha Sindano.

Mlango ukasukumwa kidogo. Mwalimu alichungulia, amejifunga blanketi, nywele zimesimama upande mmoja, shavuni ana alama ya mkanda wa gari.

"Nimelala garini," alinong'ona kwa hasira iliyokuwa na heshima kidogo ndani yake. "Wewe si jenereta. Walikuonea. Jenereta mtu analizima." Akatazama godoro, akatazama dirisha. "Na jua lenyewe limeshachomoza. Tumekuja safari yote hii kuliona. Tumwamshe?"

Sindano akatikisa kichwa. Mwalimu akapiga mwayo, akasema anakwenda kutafuta chai, na anaomba leo usiku asiwekwe kwenye orodha ya watu wa ndani.

Sindano alikaa kitandani, akaikunja miguu, asiguse mkono ule ulioning'inia. Nje bonde lilikuwa likifanya mambo yake yote mazuri bila wao. Alisubiri. Labda nusu saa, labda zaidi. Hatimaye Nesi akajigeuza, akafungua jicho moja.

"Saa ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Jua je?"

"Lilikuja, likakukuta umelala, likaendelea na safari."

Nesi akakaa, akajikuna shingo. "Nilikuja kukugeuza," alisema, kama anayesoma ripoti ya zamu. "Chali ndipo linapowaka. Ukilala ubavu linashuka, linakuwa kama cherehani tu. Lakini hukai. Nakugeuza, narudi kwangu, unarudi chali. Mara ya nne nikaona basi, nilete godoro."

Futi ilikuwa imening'inia kwenye kiti, Sindano akaitazama hiyo.

"Usinililie asubuhi yote hii," alisema Nesi. "Bado nimekasirika. Nimekusamehe nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine utaifuata huko ninakohamia. Mimi sirudi huku kwa ajili yako, na siipeleki posta." Akaanza kutafuta ndara zake kwa mguu. "Wiki nzima, lakini. Si kuja kunisalimia mchana ukakimbia."

"Nitakuja na mito yangu."

"Njoo na mito, njoo na cherehani, njoo na huyo bibi harusi wako. Mwezi gani?"

Sindano alivuta pumzi, akakuta ipo nyingi. "Ule wa baada ya shule kufunguliwa. Oda za sare za wanafunzi zinakuwa zimekwisha."

"Tarehe?"

"Nesi! Hata chai bado!"

"Tarehe," alisema Nesi, ameshika simu, kidole kimeinuliwa tayari kuandika.

Sindano akaitaja.